Mwalimu Goso na Kipindi cha Hadithi: Msuko na Majibizano katika Madarasa ya Watoto nchini Kenya

Mtu achunguzaye jinsi hadithi ilivyofundishwa kwa watoto wadogo katika shule za Kenya hukuta jambo la kushangaza. Fasihi simulizi ya jamii za nchi hii ilikuwa na njia zake za kumzoeza mtoto kuutambua msuko wa hadithi na kuyafuata majibizano ya wahusika, tena kabla hajajua kushika kalamu. Shule ilipokuja iliipokea hadithi yenyewe kwa mikono miwili, lakini njia hizo ikaziacha mlangoni. Tangu hapo msuko umekuwa jambo la kufupishwa, na majibizano yamekuwa jambo la kutiwa alama za usemi. Namna mabadiliko hayo yalivyotokea ni swali linalostahili kuchunguzwa kwa utaratibu, kwani aghalabu lawama hutupiwa mwalimu wa darasa la pili, ambaye hakushirikishwa hata kidogo katika maamuzi yaliyoyaleta.

Mwaka 1870 Edward Steere, mmishenari aliyefanya kazi Unguja na baadaye akawa askofu, alichapisha mjini London kitabu kiitwacho Swahili Tales, chenye maandishi ya Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Miongoni mwa hadithi alizosimuliwa na wenyeji imo hadithi fupi ya Goso, mwalimu aliyekuwa akisomesha watoto chini ya mti. Paa aliupanda mti ule ili aibe matunda; tunda moja likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, naye akafa. Wanafunzi walipokwisha kumzika wakatoka kumtafuta aliyemwua. Kwanza waliushuku upepo wa kusi, wakaukamata wakaupiga. Upepo ukajitetea kwamba lau ungekuwa na nguvu kiasi hicho usingezuiwa na kiambaza. Kiambaza nacho kikajitetea kwa panya akitoboaye, panya kwa paka, paka kwa kamba imfungayo, kamba kwa kisu, kisu kwa moto, moto kwa maji, maji kwa ng'ombe ayanywaye. Na vivyo hivyo mpaka msako ukamfikia paa. Paa hakuwa na la kusema. Kwa kimya chake wanafunzi wakajua kwamba ndiye, wakamwua.

Hadithi hii yafaa itazamwe kwa makini, maana ndani yake msuko na majibizano si vitu viwili. Kila jibu ndilo hatua ya mbele ya kisa. Mtoto akilisahau jibu la kamba, kisu hakina njia ya kuingia, na hadithi yote husimama. Lakini jambo lisaidialo kumbukumbu yake si wingi wa marudio peke yake. Mtoto ajua kwa nini maji hufuata moto, kwani ameona mama yake akizima kuni jikoni. Ajua kwa nini paka huja baada ya panya. Mfuatano wa matukio umeshikwa na sababu ambazo mtoto mwenyewe aweza kuzithibitisha nyumbani kwao. Tena tofauti ya wahusika haikuelezwa na msimulizi hata kwa neno moja. Wote hutoa utetezi wa namna moja, na kwa sababu hiyo yule mmoja asiyeutoa hujitenga papo hapo na wengine. Majibizano yanapokoma, kisa nacho kimefika mwisho wake. Hadithi za mnyororo wa aina hii zapatikana katika nchi nyingi za dunia, wala haielekei kudaiwa kwamba Waswahili ndio walioibuni. Linalohusika hapa ni kwamba walikuwa nayo, na kwamba mtoto aliyekuwa akiisikiliza alikuwa akisomeshwa kitu ambacho wataalamu wa siku hizi hukiita kwa majina mazito.

Katika kitabu hicho hicho imo hadithi ya Sultani Majnuni na yule paka wake aliyeanza kwa kula wanyama wafugwao, akaishia kula watu, akaitwa Nunda. Mwana mdogo wa sultani aliondoka kwenda kumtafuta. Kila alipoua mnyama alimletea mama yake, akimwuliza kwa wimbo kama huyo ndiye, na mama alimjibu kwa wimbo kwamba siye. Wanyama waliendelea kuwa wakubwa zaidi na zaidi, lakini swali lilikuwa lile lile na jibu lile lile, hata siku jibu lilipobadilika. Msikilizaji mdogo, asiyejua lolote juu ya nadharia, alikuwa na hakika kwamba kisa hakijafika kileleni maadamu mama angali anakataa. Steere mwenyewe, katika dibaji yake, aliliona jambo hili. Alisema kwamba hadithi za wenyeji huwa na kiitikio kiimbwacho na watu wote, na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo katika nyimbo hizo, huku maelezo ya katikati yakibuniwa na msimulizi papo kwa papo. Ni ushahidi mkubwa sana, ingawa haielekei kwamba waliomfuata waliutumia. Kama mifupa imo katika wimbo, na wimbo huimbwa na hadhira, basi mwenye kuushika msuko si mtambaji peke yake. Watoto wameushika upande mmoja.

Haya hayakuwa ya pwani tu. Mtambaji wa Kiswahili alianza kwa kuita "Paukwa!" na asingeweza kuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa!", mtambaji wa Kigĩkũyũ aliwataka wasikilizaji wake waitikie "Ĩtha!" kabla hajasema lolote. Katika ngano mashuhuri ya Wagĩkũyũ juu ya mke wa mhunzi, mwanamke amejifungua mtoto mumewe akiwa mbali kiwandani, na zimwi limejifanya mwuguzi wake. Katika masimulizi mengi ya ngano hii zimwi humkaribisha mzazi chakula kwa maneno ya upole, kisha, kabla hajaupeleka mkono, humwambia kwamba naona hukitaki, likakila lenyewe. Hakuna haja ya kumweleza mtoto kwamba zimwi ni nafiki. Amelisikia likisema. Baadaye mwanamke humtuma ndege, naye ndege huenda akatua karibu na mhunzi na kumwimbia habari za nyumbani. Wimbo huo ni ujumbe, ni majibizano, tena ni kiungo kinachoziunganisha sehemu mbili za kisa ambazo bila yake zingebaki mbalimbali.

Lugha ya Kiswahili ilikuwa na msaada wake maalumu katika kazi hii, nao ni kiambishi -ka-. Hadithi hufunguliwa kwa -li- au kwa "palikuwa na", kisha vitenzi vifuatavyo hufungamanishwa kwa -ka-. Mtoto anayeandika "alikwenda, aliona, alirudi" ameorodhesha mambo. Anayeandika "alikwenda, akaona, akarudi" amesimulia, kwa maana kila tendo limelizaa jingine. Hali kadhalika "akamwambia" na "akajibu" zilitosha kuwatenga wasemaji katika tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo hazikuwa na alama za usemi kabisa. Msomaji wa utenzi hakupotea njia. Kwa hiyo madai yasikikayo mara kwa mara katika mafunzo ya ualimu, kwamba mtoto hawezi kuyafahamu majibizano mpaka afundishwe alama, hayana msingi katika historia ya lugha hii.

Uchapishaji wa karne ya kumi na tisa haukukusudia kuleta hasara. Steere, na baada yake Büttner mwaka 1894 na Velten mwaka 1898, walizihifadhi hadithi ambazo pengine zisingetufikia. Lakini kitabu cha Steere kilikuwa pia chombo cha mgeni cha kujifunzia lugha. Msomaji wake alitakiwa kuelewa maneno, si kuitikia. Katika shule ya Kiungani huko Unguja, iliyowalea wavulana wengi waliookolewa utumwani, A. C. Madan aliwafanya wanafunzi waandike kwa Kiswahili visa vya maisha yao. Visa hivyo vilichapishwa mwaka 1887, lakini kwa tafsiri ya Kiingereza. Hiyo ni miongoni mwa insha za mwanzo za wanafunzi wa Kiswahili kufika mitamboni, na zilifika zikiwa zimevuliwa lugha yao.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha sanifu, na kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tarehe 1 Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kazi ya Kamati ilikuwa kusawazisha tahajia, kutunga kamusi na kukagua vitabu vya shule. Ukaguzi huo ulihusu usahihi wa lugha. Kitabu kilichopita kilikuwa kile chenye Kiswahili safi, na usafi hupimwa kwa sentensi, haupimwi kwa kisa. Pamoja na tafsiri za riwaya za Kiingereza ambazo Johnson mwenyewe alizishughulikia, vikatokea vitabu vya masomo vyenye visa vifupi, na chini ya kila kisa maswali. Sungura alikuwamo, fisi alikuwamo, lakini nyimbo zilikatwa kwa kuwa zilionekana kujaza ukurasa bure, na marudio yakaondolewa kwa kuwa yalichosha macho. Sikio halichoshwi na marudio, huyangojea. Mhariri aliyeufuta wimbo wa nne wa mwana wa sultani aliamini kwamba anakisafisha kisa, na kumbe alikuwa akiung'oa uti wa mgongo.

Nchini Kenya yalitokea mambo mengine yaliyoifanya hali iwe ya kipekee. Kuanzia mwaka 1957 ulijaribiwa mjini Nairobi, kwanza katika shule za Waasia, mpango ulioitwa New Primary Approach, ambao ulifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Vitabu vyake vya Peak vilienea upesi. Mpango huo ulisifiwa hasa kwa kumtoa mtoto katika kukariri na kumtia katika vitendo: watoto walikaa kwa makundi, waliimba, waliigiza. Hapana budi kusema kwamba sifa hizo zilikuwa za haki. Lakini kejeli ya historia ni kwamba mbinu za baraza la hadithi zilirudi darasani wakati ule ule lugha za baraza hilo zilipokuwa zikitolewa nje, na zilirudi zikiwa na jina la upya.

Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, iliyotoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake mwaka 1964, iliuunga mkono mwelekeo huo wa Kiingereza. Juu ya lugha za mama ilisema kwamba ni muhimu kwa mawasiliano ya mazungumzo, na kwamba haikuona ugumu wowote katika kuweka kipindi cha kila siku cha kusimulia hadithi kwa lugha hizo, au shughuli za namna hiyo, katika darasa la kwanza, la pili na la tatu. Wahakiki wengi wa sera ya lugha wameisoma ibara hiyo kama faraja apewayo aliyeshindwa. Huenda ndivyo. Hata hivyo yaweza kusomwa kwa namna nyingine. Kwa mara ya kwanza katika historia ya elimu ya Kenya huru hati ya serikali ilitambua kwamba kusimulia hadithi ni kazi inayostahili saa yake kila siku. Kama kipindi hicho kingepewa walimu waliofunzwa kutamba, kingekuwa darasa la msuko na majibizano lenye thamani kuliko somo lolote la ufahamu.

Hakikupewa. Taasisi ya Elimu ilitayarisha mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu kwa lugha kadhaa za mama, kazi ya kusifiwa, lakini kama jina lenyewe lionyeshavyo, ilikuwa ya kufundisha kusoma. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya mazingira ya shule itumiwe kufundishia katika madarasa ya chini, na Kiswahili kifundishwe kwa lazima. Pendekezo la kwanza lilitegemea vitabu na walimu ambao mahali pengi hawakuwako. Kipindi cha hadithi kilikuwa hakitahiniwi, na kisichotahiniwa katika shule za Kenya huwa kama ua wa jirani: kila mwenye haja hupitia humo. Imeshuhudiwa mara nyingi kwamba vipindi vya lugha ya mama vilitumiwa kufidia Hesabu au Kiingereza.

Wakati huo huo, kwenye ngazi za juu, fasihi simulizi ilikuwa ikishinda vita vikubwa. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu mjini Nairobi ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Mwaka 1974 mkutano wa walimu uliofanyika Nairobi School ulijadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za sekondari, na fasihi simulizi ikapata nafasi katika silabasi zake. Matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka kumi na saba alifundishwa kuzichambua ngano ambazo hakutambiwa alipokuwa na miaka saba. Alijua kuorodhesha sifa za fanani na hadhira, naye mwenyewe hajapata kuwa hadhira. Hayo si makosa ya waandishi wa waraka wala ya washiriki wa mkutano, ambao walipigania uwanja waliokuwa nao. Lakini shule ya msingi haikuwa na mtetezi wa kimo chao.

Mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi. Wapenzi wa lugha walishangilia, na walikuwa na haki. Kwa upande wa hadithi, mtihani ulileta insha ya K.C.P.E., iliyokuja kuandikwa kwa dakika arobaini na kutuzwa alama arobaini. Hapo ndipo mtoto alipodaiwa kwa mara ya kwanza aonyeshe kwamba aweza kujenga kisa. Deni lilikuwa kubwa na mtaji haukuwapo. Walimu, kwa kulazimika, walitafuta njia ya mkato: mwanzo uliokaririwa wenye jua linalochomoza na ndege wanaoimba, tamathali kumi za kupachika, na methali ya kufungia. Kisa chenyewe, kilichopaswa kuwa katikati, mara nyingi kilikuwa safari, ajali na hospitali. Wahusika hawakuzungumza. Walielezwa.

Walikosa kuzungumza kwa sababu somo la majibizano lilikuwa limehamia katika sarufi, chini ya kichwa cha usemi halisi na usemi wa taarifa. Zoezi hilo lina faida zake kwa nyakati za vitenzi na viwakilishi. Lakini tazama limfundishavyo mtoto juu ya wahusika. Hupewa maneno ya mtu, yaliyo na hasira au ubembelezi ndani yake, akaamriwa ayageuze yawe ya msimulizi, na apatapo sahihi yote sauti ya mtu huyo huwa imetoweka. Baada ya miaka kadhaa ya zoezi hilo ni ajabu gani kwamba huandika "mama alisema kwamba nisichelewe", mahali ambapo mama halisi angesema mengi, tena kwa ukali?

Utafiti wa nje umeyakaribia mambo haya kwa njia yake. Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1923 juu ya lugha na fikira za mtoto, aliwafanya watoto wa Geneva wa miaka sita hadi minane wasimuliane visa, akaona kwamba mpangilio wa matukio na sababu zake huvurugika. Inaruhusiwa kuuliza kama matokeo yangekuwa yale yale lau visa vyenyewe vingekuwa na kiitikio. Jean Mandler na Nancy Johnson mwaka 1977 walionyesha kwamba watoto hukumbuka vyema zaidi mwanzo wa kisa na matokeo yake kuliko yale yapitayo ndani ya mioyo ya wahusika. Yapitayo moyoni ndiyo hasa ambayo majibizano huyatoa nje: hila ya zimwi, woga wa paa, shaka ya mama. Mjini Chicago, Vivian Paley alieleza mwaka 1981 jinsi watoto wa chekechea walivyomsimulia visa vyao akaviandika, kisha wakaviigiza pamoja. Kitabu chake kimesomwa na walimu wa nchi nyingi, na bibi yeyote wa Lamu angeitambua shughuli hiyo bila kuelezwa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeweka kusikiliza na kuzungumza kuwa mada ya kwanza, na umezipa lugha za asili shughuli zake katika gredi ya kwanza hadi ya tatu. K.C.P.E. ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na insha yake ikaondoka nayo. Mtihani wa gredi ya sita uliofanywa kwanza mwaka 2022 ulikuwa wa kuchagua majibu. Kwa hiyo mtoto ameondolewa deni la zamani, na kipindi kile cha Ominde kimerejeshwa kwa jina jingine, kikiwa na upungufu ule ule wa walimu waliozoezwa kutamba.

Kazi yenyewe haihitaji gharama. Darasa la watoto arobaini laweza kugawiwa hadithi ya Goso kwa makundi: upepo, kiambaza, panya, paka na wengine, na kundi kubwa la wanafunzi waendao wakiuliza. Kila kundi hulazimika kulisikiliza jibu la kundi litangulialo, kwa kuwa humo ndimo litakamotajwa. Mwalimu akilichanganya kusudi, akimpeleka moto kabla ya kisu, watoto watamkatiza wenyewe na kumweleza kwa nini haiwezekani. Kisha humchagua mtoto mmoja awe paa, asiyepewa neno lolote la kusema, na kuwaachia wale wengine waamue, kwa kumtazama, kama kimya hicho ni cha hatia au ni cha mtu aliyeshtuliwa. Hadithi ya mwaka 1870 iliamua upesi. Watoto wa gredi ya pili huenda wakabishana mpaka kengele ilie.